ALAMA ZA MUNGU KATIKA NJIA ZETU

HOTUBA YA IJUMAA

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeumba kila kinachotembea, kinachoruka na kinachoogelea, akakipa kila kimoja riziki yake na njia yake. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake mpaka siku ya mwisho.

Amma baad. Baba zetu, mama zetu, vijana na watoto, ndugu zangu katika imani, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi: tumche Mungu tukiwa nyumbani, tumche Mungu tukiwa sokoni, na tumche Mungu tukiwa njiani.

Ijumaa ya leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analifanya kila siku, wala halihesabu kuwa ni ibada. Jambo hilo ni kwenda njiani. Sisi watu wa Maniema ni watu wa mguu na wa baiskeli. Mchele wa Kasongo, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni na vitambaa, vingi kati ya hivyo vimefika kwetu nyuma ya baiskeli. Toka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200, na wako ndugu wanaoijua njia hiyo mlima kwa mlima na daraja kwa daraja, kwa sababu wameisukuma kwa mikono yao.

Mwenye gari anapita upesi. Haoni kitu ila vumbi, hasikii kitu ila mashine. Lakini wewe unayetembea kwa mguu, na wewe unayeshuka kwenye baiskeli kila penye mchanga, Mungu amekupa nafasi ambayo tajiri hana. Unapita karibu na viumbe vyake. Unasikia ndege kabla ya kumwona. Unakuta nyayo za mnyama katika tope kabla jua halijazikausha. Basi swali la leo ni hili: je, unaviona viumbe hivyo? Na ukiviona, unavifanyia nini? Tutalijibu kwa mambo matano.

JAMBO LA KWANZA: KUTAZAMA NI AMRI

Ndugu Waislamu, mtu anaweza kusema, "Shehe, kutazama ndege ni mambo ya wazungu na ya watu wa parki. Mimi natafuta chakula cha watoto." Tunamjibu kwa upole: ndugu yetu, jambo hili limo katika Kitabu chako. Katika sura ya Al-Ankabut (29:20) Mwenyezi Mungu anatuamuru twende katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha viumbe. Katika sura ya Al-Mulk (67:19) anatuuliza kama hatuwaangalii ndege walio juu yetu, wanaokunjua na kukunja mbawa zao, wala hakuna anayewashika ila Mwingi wa Rehema. Amri hii ya kutembea na kutazama haikutolewa kwa wenye magari. Waliosikia maneno haya mara ya kwanza walikuwa watu wa mguu na wa ngamia.

Tuchukue mfano wa mbayuwayu, yule ndege mdogo mwenye mkia wa panda, anayeruka chini chini juu ya njia na juu ya maji ya Lualaba akikamata wadudu. Uzito wake ni gramu 20 tu, au karibu na hapo. Wengi wa hao tunaowaona kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tatu wamezaliwa Ulaya, chini ya mapaa ya nyumba za watu. Baridi ikikaribia wanaondoka, wanavuka bahari, wanavuka jangwa la Sahara, mpaka wanafika kwetu. Ni safari ya zaidi ya kilometa 5000, bila ramani na bila mzigo wa chakula. Majira yakibadilika wanarudi, na wengi wanafika katika kijiji kile kile walichotoka. Wewe mwenye baiskeli unayelalamika juu ya mlima mmoja, mtazame huyu, useme Subhanallah. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba lau tungemtegemea Mungu kama inavyopasa, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao asubuhi wanatoka na njaa na jioni wanarudi wameshiba. Angalieni vizuri: ndege wametoka. Hawakukaa ndani ya tundu wakingoja.

JAMBO LA PILI: NI UMMA KAMA SISI

Katika sura ya Al-An'am (6:38) Mungu anatujulisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege wenye mbawa ni umma mfano wetu. Umma una desturi zake, una kazi zake, una familia zake. Na katika sura ya An-Nur (24:41) tunafundishwa kwamba ndege wakikunjua mbawa zao, kila mmoja anajua sala yake na tasbihi yake.

Hondohondo jike akitaka kutaga anaingia katika tundu la mti. Mlango unazibwa kwa tope na mabaki, unabaki ufa mwembamba tu. Dume anazunguka msituni mchana kutwa akitafuta matunda, anarudi kumlisha mke wake kwa ule ufa, na baadaye watoto vilevile. Mkisikia mbawa zinavuma juu ya miti kama treni inayotoka mbali, mjue ni baba wa nyumba anapeleka chakula. Sasa kila mwanamume ajiulize mwenyewe juu ya nyumba yake.

Kuna tai mweupe mwenye rangi nyeusi katika mbawa, anayekaa karibu na michikichi. Tai wengine wanatafuta mizoga, lakini huyu chakula chake kikubwa ni ngazi za mawese, kama sisi. Na kuna siafu wanaovuka njia kwa mstari, wafanyakazi wao ni vipofu, lakini hakuna anayepotea. Mwenye baiskeli anayewavuka akumbuke sura ya An-Naml (27:18), jinsi chungu mmoja alivyowaonya wenzake waingie nyumbani, jeshi la Nabii Sulaiman lisije likawaponda bila kujua. Nabii yule aliyepewa ufalme mkubwa alisimama, akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Hakuona aibu kumsikiliza chungu.

Lakini, ndugu zangu, macho peke yake hayatoshi. Katika sura ya Al-Hajj (22:46) tumefundishwa kwamba kinachopofuka ni moyo ulio kifuani. Sikilizeni habari mbili za nchi yetu.

Ya kwanza ni habari ya tausi wa Kongo, ambaye porini hapatikani popote duniani ila katika nchi yetu. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, James Chapin, alipata unyoya mmoja katika kofia ya mtu wa huku kwetu, asijue ni wa ndege gani. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, akawakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa jina la tausi wa India. Akaukumbuka unyoya wake. Miaka mingi watu wenye elimu walikuwa wamepita mbele ya ndege wale bila kuwatambua.

Ya pili ni habari ya kima anayeitwa lesula. Mwaka 2007 watafiti walimkuta amefugwa katika mji wa Opala. Wao hawakuwa wamemjua, lakini wenyeji wa bonde la Lomami walimjua na walikuwa na jina lake tayari. Mwaka 2012 aliandikwa katika vitabu vya elimu kama aina mpya, na mwaka 2016 serikali ikaanzisha Parki ya Taifa ya Lomami katika majimbo ya Tshopo na Maniema. Basi msiidharau elimu ya wazee wenu wanaotembea kwa mguu. Mtoto akiuliza, "Baba, ndege yule anaitwa nani?" mjibu. Na ikiwa hujui, nendeni wote wawili mkamwulize babu. Mungu alimfundisha Nabii Adamu majina, na sisi tunaacha majina yazikwe pamoja na wazee.

JAMBO LA TATU: HAKUNA MKOSI WA BUNDI

Hapa tuongee waziwazi. Wako Waislamu wanaofunga safari, halafu wakimkuta kinyonga njiani wanarudi nyumbani. Wako wanaomsikia bundi usiku juu ya nyumba, na asubuhi wanaanza kutafuta mchawi katika kiwanja. Mara ngapi mama mzee, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, amefukuzwa katika kijiji juu ya ndege? Mara ngapi mtoto yatima ameitwa mchawi, akanyimwa chakula, akalala sokoni?

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuamini mikosi ya ndege, na akamtaja waziwazi ndege wa usiku ambaye Waarabu wa ujinga walimwogopa. Wanazuoni wengi wamesema huyo ni bundi. Kwa hiyo jambo hili lilimalizika zaidi ya miaka 1400 iliyopita, na anayelirudisha leo anarudisha ujahiliya. Bundi ni mja wa Mungu, kazi yake ni ya usiku. Anakula panya, na panya ndiye anayekula mchele wako. Badala ya kumwogopa ungemshukuru Mungu kwa mlinzi usiyemlipa mshahara. Na kinyonga, Mungu amempa macho mawili yanayogeuka kila moja upande wake. Yeye anatafuta nzi, hatafuti roho yako.

Anayemtuhumu mtu uchawi kwa sababu ya ndege amefanya madhambi mawili: amemsingizia kiumbe, na amemdhulumu mwanadamu. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Mungu. Ikiwa yuko ndani ya mtaa huu mama aliyefukuzwa kwa jambo kama hili, wazee wa msikiti wakae na jamaa zake, arudishwe nyumbani kwa heshima.

JAMBO LA NNE: HURUMA

Imepokewa kwamba masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege mmoja na makinda yake mawili, wakachukua yale makinda. Mama yao akaja akirukaruka kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishiwe. Tazameni: walikuwa njiani kama sisi. Walikuwa na haja kama sisi. Hata hivyo safari yao haikuwa sababu ya kumwonea ndege.

Imepokewa vilevile kwamba alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulenga. Vijana wenye manati, mmesikia? Kulenga ndege ili kujua nani ana mkono mzuri, kisha kumwacha afe kwenye majani, si mchezo. Ni haki ya kiumbe, nayo itaulizwa.

Na tuje kwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, fahari ya misitu yetu. Anataga mayai matatu mpaka matano katika tundu la mti mrefu, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Watu wanapaka ulimbo katika matawi, wanamnasa, wanamkata manyoya ya mbawa, wanawabananisha wengi katika sanduku moja, na kuwasafirisha mbali. Wengi wanakufa kabla ya kufika sokoni. Nchi ya Ghana iliwahi kuwa na kasuku wengi kama sisi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba huko wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu mwaka 1992. Mwaka ule ule, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za dunia zilimwingiza kasuku huyu katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini. Kakakuona wa aina zote aliingizwa katika orodha hiyo hiyo.

Kumbukeni sura ya An-Naml (27:20). Nabii Sulaiman alikagua ndege, akatambua kwamba hudhud hayupo. Katika jeshi zima la ndege, mmoja alikosekana, na mfalme alijua. Sisi je? Siku kasuku watakapokoma kupita jioni juu ya msikiti, nani kati yetu atatambua?

JAMBO LA TANO: MZIGO ULIO NYUMA YA BAISKELI

Ndugu zangu, jambo hili ni zito, lakini kulinyamazia ni khiyana. Waislamu wengi wa Maniema hawali kima wala sokwe, Alhamdulillah. Mtume (S.A.W.) amekataza kila mnyama wa kuwinda mwenye meno ya chonge na kila ndege mwenye kucha za kuwindia, na wanazuoni wengi wamesema kima ni haramu. Lakini wako wanaoambiwa, "Chukua kikapu hiki mpaka Kindu, malipo yako haya," na ndani yake ni kima waliokaushwa kwa moshi. Mwenye baiskeli anasema, "Mimi sili, nabeba tu." Anaweka nyama hiyo nyuma, na mbele anaweka mkeka wake wa kuswalia.

Tumefundishwa kwamba Mungu akiwaharamishia watu kula kitu, anawaharamishia na thamani yake. Tunajua ada za shule ni ngumu. Tunajua mchana mmoja bila mzigo ni usiku mmoja bila ugali. Hatuwasemi ili kuwaaibisha. Lakini, ndugu, riziki ya halali iliyo kidogo ina baraka, na ya haramu inakula hata ile ya halali iliyochanganyika nayo. Kwa hiyo maneno haya yawafikie pia matajiri wetu wenye maduka na wenye mashine za kukoboa mchele. Ninyi ndio wenye mizigo ya halali. Mkimpunja mchukuzi wa Kiislamu malipo yake, mnamsukuma kwenye kikapu kile. Mlipeni kabla jasho lake halijakauka, kama Mtume (S.A.W.) alivyotuusia.

Na ukikuta mnyama amekufa mwenyewe msituni au kando ya njia, usimguse, usimbebe, usiseme "bahati yangu". Qur'ani katika sura ya Al-Maida (5:3) imeharamisha nyamafu, na hekima yake tumeiona kwa macho. Mwaka 1996, katika kijiji cha Mayibout nchini Gabon, watu walimkuta sokwe amekufa msituni, wakamchuna na kumla. Ebola ikaingia kijijini. Sisi wenyewe ugonjwa huu ulitambuliwa kwetu mwaka 1976 huko Yambuku, na kati ya mwaka 2018 na 2020 ulichukua roho 2287 huko Kivu ya Kaskazini, Ituri na pembeni mwake. Waonye watoto hasa, kwa sababu wao ndio wanaotangulia kufika penye kitu kilicholala. Mwambieni mkubwa wa kijiji na watu wa afya.

Ninasema maneno haya, na ninamwomba Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, njia ina haki zake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa katika haki hizo ni kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Na katika sura ya Al-Furqan (25:63) waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwamba wanatembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Basi tuzichukue nasaha hizi chache, tuanze nazo juma hili:

1. Ukitoka asubuhi, soma dua ya safari, kisha tia nia ya kutazama. Kila siku tambua kiumbe kimoja, na jioni kisimulie kwa watoto wako pamoja na jina lake katika lugha ya nyumbani.

2. Ukishuka mlima kwa baiskeli, piga kengele mapema na ushike breki. Mbele yako yuko mama mwenye kuni, yuko mbuzi, yuko kindi. Wote wana haki ya kuvuka.

3. Ukimwona mnyama wa porini, simama mbali, umtazame, umwache aende zake. Usimtupie jiwe ili umwone akikimbia. Lakini nyoka au nge aliye hatari kwa watu, sheria imeruhusu kumuua.

4. Kiota ukikiona, usiwaonyeshe wenye manati. Kuficha siri ya dhaifu ni amana.

5. Panda mti kando ya njia au karibu na nyumba. Tumefundishwa kwamba kila anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti aliopanda Muislamu ni sadaka yake. Baadhi yetu hatuna cha kutoa sanduku la msikiti likipita. Mpapai mmoja unaoliwa na ndege unaweza kuwa sadaka yetu.

6. Uliza kilichomo ndani ya mzigo kabla ya kuufunga. Ukiwa ni haramu, kataa kwa adabu, na uje uwaambie ndugu zako msikitini ili wakutafutie mzigo mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya jamaa.

Kumbukeni yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na kumbukeni yule aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu ya mbwa mwenye kiu aliyemnywesha maji. Paka na mbwa, ndugu zangu. Huenda Siku ya Kiyama mizani ya mmoja wetu ikainama kwa jambo dogo alilolifanya kati ya Kindu na Kasongo, wakati hakuna mtu aliyemwona.

Ee Mola wetu, tupe macho yanayoona na mioyo inayokumbuka. Walinde ndugu zetu walio njiani kwa mguu, kwa baiskeli na kwa pirogi, uwarudishe salama kwa jamaa zao. Uwape riziki ya halali, uwatosheleze nayo. Uwarudishie heshima waliosingiziwa. Uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu wafu wetu, uipe nchi yetu ya Kongo amani mashariki na magharibi, na misitu yetu uibakize iwe na sauti za wanaokusabihi. Amin, ya Rabbal-alamin.

Simameni kwa swala, Mungu awarehemu.

(Karatasi hii imetajwa ndani yake jina la Mungu na la Mtume wake. Usiitupe chini wala usifungie kitu. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako, au mpe mchukuzi anayetoka kesho asubuhi.)